Dawa Inayoyakwepa Maji

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu chandarua chenye dawa. Kulala ndani ya chandarua tumehimizwa vya kutosha, na wanaotuhimiza waendelee, maana malaria bado ipo. Mimi nataka tuulizane jambo jingine, ambalo naamini kila aliyewahi kuinamia beseni lenye chandarua amejiuliza japo kimoyomoyo: hii dawa iliyomo humu, mbona haitoki na maji?

Jasho kwenye shati hutoka na maji. Chumvi hutoka. Soda iliyomwagikia kitambaa cha meza hutoka. Dawa ya chandarua haitoki kirahisi hivyo. Shirika la Afya Duniani, kabla halijakikubali chandarua cha muda mrefu, hutaka kifuliwe mara 20 kwa utaratibu maalumu, kisha kiendelee kumwangusha mbu. Na kikiwa nyumbani kinatarajiwa kufanya kazi kwa miaka kama 3. Hilo ni jambo la ajabu, na lina sababu. Sababu yenyewe ndiyo inayonileta hapa leo, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo inayofanya chandarua kikigusa Ziwa Viktoria kiwe sumu. Wengi wetu tumeambiwa tusifulie vyandarua ziwani. Wachache wameambiwa kwa nini.

Tuanze na maji yenyewe. Molekuli moja ya maji ina atomi moja ya oksijeni na atomi mbili za haidrojeni. Haidrojeni hizo mbili zingekaa kwenye mstari ulionyooka, moja huku na nyingine kule, na oksijeni katikati, maji yasingekuwa haya tunayoyajua. Lakini molekuli ya maji imepinda. Pembe yake ni nyuzi kama 104 na nusu, na haidrojeni zote mbili zimeelemea upande mmoja. Oksijeni nayo huvuta elektroni kwa nguvu kuliko haidrojeni. Kwa hiyo upande wa oksijeni unapata chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni unabaki na chaji chanya kidogo. Ukiijumlisha molekuli nzima haina chaji, lakini ina ncha mbili, hasi na chanya.

Umbo lina maana kubwa hapa. Kaboni dioksidi, hewa tunayoitoa puani, nayo ina oksijeni inayovuta elektroni. Ila molekuli yake imenyooka, oksijeni moja kila upande, na mvuto wa kushoto unafutwa na mvuto wa kulia. Haibaki na ncha. Maji yamebaki na ncha kwa sababu yamepinda.

Hasi huvuta chanya. Kila molekuli ya maji huishika jirani yake, na jirani huishika nyingine, ziwa zima. Nguvu ya mshikano huo unaweza kuipima jikoni. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari. Hapa Bukoba, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi kama 96. Sasa chukua methani, gesi inayotoka kwenye mtambo wa samadi na kuwasha jiko. Uzito wa molekuli yake unakaribiana sana na wa molekuli ya maji, lakini haina ncha, na huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri. Uzito ni karibu uleule, na tofauti ya kuchemka inazidi nyuzi 250. Tofauti hiyo yote inatokana na molekuli za maji kushikana.

Wafikirie wachezaji wa ngoma walioshikana mikono wakazunguka uwanja. Anayekuja akiwa na mkono wa kutoa, hushikwa akaingia duarani. Asiye na mkono wa kutoa hafukuzwi na yeyote wala hachukiwi. Anabaki nje tu, kwa sababu waliomo ndani hawakubali kuachiana ili yeye apite. Mambo ya maji na mafuta ndivyo yalivyo. Watu husema mafuta na maji hayapatani, kana kwamba yana ugomvi. Hakuna ugomvi wowote. Molekuli za maji zinapendana zaidi, na mafuta, yasiyo na ncha hasi wala chanya, hayana cha kuzipa ili ziachiane.

Chumvi ina chaji kamili, hasi na chanya, kwa hiyo maji huizunguka na kuisambaza. Sukari ina viungo vingi vya oksijeni na haidrojeni mwilini mwake, nayo hushikwa. Kilevi cha kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, nacho kina mkono mmoja wa aina hiyo, na kwa kuwa mkia wake ni mfupi, huchanganyika na maji kwa kiasi chochote, na huchanganyika kwa namna ya kushangaza: ukimimina mililita 50 za kilevi kitupu kwenye mililita 50 za maji, hupati 100, unapata karibu 97, kwa jinsi molekuli zinavyobanana. Kahawa ya kuyeyuka inayotengenezwa na kiwanda cha Tanica hapa Bukoba tangu miaka ya 1960 ni mfano mwingine. Kiwandani huchukua kile tu ambacho maji ya moto yamekubali kukitoa kwenye kahawa iliyokaangwa, wakakikausha kikawa unga. Ndiyo maana kikombeni mwako hakibaki chicha. Chicha, yaani vile ambavyo maji yalivikataa, zimebaki kiwandani.

Na kama unataka kuyaona yote mawili, ya kukubaliwa na ya kukataliwa, kwenye sufuria moja, ngoja msimu wa senene, Novemba na Desemba. Wanaojua kupika senene wakishawachambua mbawa na miguu na kuwaosha huwabandika na maji kidogo na chumvi. Chumvi huwekwa mapema, maji yakiwa bado yapo. Maji huibeba chumvi na kuipitisha kwa kila senene. Kisha maji hukauka, na hapo senene huanza kutoa mafuta yao wenyewe, wakakaangika humohumo bila kuongezewa tone la mafuta ya dukani. Anayesahau chumvi akaikumbuka mafuta yakishajaa hujuta: chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, hubaki punje punje, senene mmoja ana chumvi kali na mwenzake hana kitu. Bibi zetu walikuwa wakiitumia kemia hii kabla hatujajengewa maabara hata moja.

Wavuvi nao wanaijua kwa njia yao. Injini ya mtumbwi yenye mchanganyiko wa petroli na oili hufanya kazi vizuri, maana petroli na oili zote hazina ncha, huchanganyika bila taabu. Maji yakiingia kwenye tangi hayachanganyiki, hukaa chini kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na mpira wa kuvuta mafuta ukiyafikia injini huzimika katikati ya ziwa. Ndiyo sababu fundi mzoefu humimina mafuta taratibu na yale ya mwisho kwenye dumu huyaacha.

Sasa turudi kwenye chandarua.

Dawa za vyandarua vyetu ni za ukoo mmoja na pareto, ua jeupe linalolimwa nyanda za juu kusini, Mbeya na Iringa, na pia kwa jirani zetu Kenya. Ua la pareto lina sumu inayomlegeza mdudu upesi sana, lakini sumu hiyo ya asili ina kasoro: jua huiharibu kwa muda mfupi. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, dawa iliyotengenezwa kwa kuiga muundo wa sumu ya pareto na inayostahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi. Ndugu zake ni deltamethrini na wengineo ambao majina yao utayaona kwenye lebo za vyandarua na kwenye makopo ya dawa ya kupuliza.

Molekuli ya permethrini ni ndefu, imejaa kaboni na haidrojeni, na karibu haina cha kuyashika maji. Lita moja nzima ya maji haiwezi kuyeyusha hata sehemu moja ya mia ya miligramu moja ya permethrini. Yaani maji hayaitaki. Lakini mafuta, nta na plastiki hupatana nayo vizuri, kwa kuwa navyo havina ncha. Na nyuzi za chandarua ni nini? Ni plastiki. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilitengeneza aina inayoitwa Olyset, ambayo dawa yake huchanganywa ndani ya plastiki kabla uzi haujavutwa. Mwaka 2003 aina hiyo ilianza kutengenezwa hapahapa Tanzania, Arusha, katika kiwanda cha A to Z. Dawa iko ndani ya uzi, si juu yake tu. Ukifua, kiasi kidogo kilicho juu huondoka. Kisha siku zinavyopita, dawa iliyo ndani husogea polepole ikafika juu tena. Vyandarua vingine vya nyuzi za poliesta hupakwa dawa kwa gundi maalumu inayoishikilia. Njia ni mbili, ila zote zinategemea tabia moja ya dawa: kuyakwepa maji.

Wazee wenzangu mtakumbuka kwamba mambo hayakuwa hivi zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hata Hati Punguzo ya wajawazito ilipoanza mwaka 2004, chandarua kilikuja na pakiti ya dawa, iliyojulikana sana kwa jina la Ngao, na mtu alikichovya mwenyewe nyumbani kwenye beseni. Baada ya kufua mara chache au miezi kupita ilibidi kuchovya tena, na wengi hawakuchovya. Utauliza: kama dawa haichanganyiki na maji, tulichovyaje kwa maji? Jibu ni kwamba dawa za aina hiyo huwekwa kitu cha kati, cha kufanya kazi ya sabuni. Molekuli ya sabuni ni ndefu na ina sehemu mbili: mwisho mmoja una chaji na hushikana na maji, mkia uliobaki hauna ncha na hujizamisha kwenye mafuta. Sabuni huyazingira mafuta kwa mikia yake, ikaacha vichwa nje vikishikana na maji, na kwa hila hiyo mafuta husafiri ndani ya maji bila kuyeyuka. Maziwa yamejengwa kwa namna hiyo, matone ya siagi ndani ya maji. Mkulima wa kahawa au nyanya akimimina dawa ya maji maji kwenye bomba la kupulizia, akaona maji yamegeuka meupe, ameona jambo hilohilo. Yale si myeyusho. Ni matone madogo madogo ya dawa yaliyotawanywa.

Na wilaya yetu ya Muleba ina nafasi yake katika habari hii, nafasi ambayo naona hatuisemi vya kutosha. Kuanzia 2007 nyumba za Muleba zilipuliziwa dawa ukoko, baada ya malaria kuwaelemea watu wa wilaya hiyo. Mbu nao hawakulala. Miaka ilivyokwenda, mbu wa Muleba walizidi kuwa sugu kwa dawa za ukoo wa pareto, ukoo uleule uliomo kwenye vyandarua. Watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, wakishirikiana na chuo kikuu cha tiba cha KCMC Moshi na chuo cha tiba ya magonjwa ya kitropiki cha London, walifanya jaribio kubwa Muleba. Kaya nyingine zilipewa chandarua cha kawaida chenye permethrini, nyingine zikapewa chandarua chenye permethrini pamoja na kemikali ya pili, inayofupishwa PBO. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la The Lancet: penye chandarua cha PBO, maambukizi ya malaria kwa watoto yalikuwa pungufu kwa asilimia 44 mwaka wa kwanza na asilimia 33 mwaka wa pili, ukilinganisha na penye chandarua cha kawaida. Shirika la Afya Duniani halikusubiri hata uchapishaji. Mwaka 2017, kwa kutegemea ushahidi huo wa Muleba, lilipendekeza vyandarua vya PBO kwa maeneo yenye mbu sugu. Leo hii watoto wa nchi nyingine za Afrika wanalala salama kwa sababu ya kilichopimwa katika vijiji vya Muleba, kwa watu waliokubali kupimwa. Hilo ni jambo la kujivunia, na ningependa lifundishwe kwenye shule za mkoa huu wa Kagera.

PBO hufanya nini? Hapa ndipo ncha zinaporudi. Mbu akitua kwenye chandarua, miguu yake imefunikwa na nta. Nta haina ncha, dawa haina ncha. Dawa huhama kwenye uzi ikaingia mguuni kwa mbu bila kuhitaji kumezwa. Ingekuwa dawa ya kuyeyuka kwenye maji, ingeishia nje ya nta ile. Ikishaingia, hushambulia neva. Lakini mbu sugu ana vimeng'enya vingi vya kuivunja dawa, na kazi kubwa ya vimeng'enya hivyo ni kuibandika oksijeni kwenye molekuli ya dawa. Ikishabandikwa oksijeni, molekuli inapata ncha, maji ya mwilini yanaweza kuishika, na mbu anaitoa nje. Usugu wa mbu, kwa sehemu kubwa, ni uwezo wa kuifanya dawa ikubalike na maji. PBO huvizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi, na dawa inabaki ndani ya mbu ikiwa haina pa kutokea.

Ini la binadamu lina uwezo huo pia, tena mkubwa. Tunaivunja permethrini upesi na kuitoa kwenye mkojo. Hiyo ni mojawapo ya sababu kwamba mtoto anaweza kulala ndani ya chandarua usiku kucha bila kudhurika, kwa kiasi kidogo cha dawa kilichomo.

Kwa samaki uwezo huo ni mdogo sana. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, hasa ninyi wa mwaloni.

Mtu anaweza kusema: kama dawa haichanganyiki na maji, basi nikifulia chandarua ziwani kuna ubaya gani, si itabaki kwenye chandarua? Na hicho kidogo kitakachotoka, si ziwa ni kubwa? Ni hoja ya mtu anayefikiri, na inastahili kujibiwa. Dawa iliyotolewa na sabuni kutoka kwenye uzi haikai ndani ya maji ikasubiri kutawanyika mpaka Kisumu na Jinja. Maji hayaitaki. Inatafuta chochote kisicho na ncha kilicho karibu: tope la ufukweni, majani ya gugumaji, na mashavu ya samaki. Mashavu ya samaki ni ngozi nyembamba mno, imejengwa kwa mafuta, na maji mengi hupita juu yake kila dakika ili samaki apate oksijeni. Kila maji yanapopita, dawa huachwa hapo na kuingia kwenye damu. Maji yanayoonekana safi kabisa yakiwa na mikrogramu chache tu za permethrini kwa lita, yaani sehemu chache za elfu moja za miligramu, yanatosha kuua samaki. Na kwa kuwa samaki huivunja dawa hii taratibu sana, kinachoingia hukaa.

Wanaotangulia kufa hata si samaki. Ni vijidudu vya majini na mabuu ya wadudu, ambavyo ndivyo chakula cha dagaa na cha furu. Ufukwe wenye matete ambako mama hufulia ndiko samaki wengi wanakozalia na kukulia. Ziwa ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 68,000, lakini samaki wachanga hawakulii kilindini. Wanakulia palepale tunapofulia.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria wasiingie katika masoko yake, baada ya habari kwamba kulikuwa na watu wanaovua kwa kumwaga sumu za mashambani ziwani. Nchi zote tatu zilizolizunguka ziwa ziliguswa. Viwanda vilipungukiwa kazi na wavuvi ambao hawakuwahi kushika kopo la sumu walikosa pa kuuza sangara. Sumu isiyo na ncha hukaa kwenye minofu yenye mafuta, na sangara ana mafuta kweli kweli. Mnunuzi wa mbali anaogopa kile asichoweza kukiosha.

Na kuna vyandarua vinavyogeuzwa nyavu. Tunajua vipo. Matundu yake ni madogo kuliko wavu wowote unaoruhusiwa kisheria, vinakomba mayai na vichanga, na watu wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa uvuvi mwaloni, wamelisema hilo miaka yote. Lakini mazungumzo kuhusu vyandarua vya kuvulia yamekuwa ya matundu peke yake. Dawa haisemwi. Chandarua kipya kikikokotwa kwenye tope la ufukweni kwa saa nzima kinaachia dawa mahali penyewe ambapo dawa inapenda kukaa. Mvuvi anavua samaki wa leo, na chakula cha samaki wa kesho anakiua kwa mkono huohuo.

Naomba niseme ninaloliamini. Tumekuwa tukiwapa watu amri bila sababu. Usifulie ziwani. Anika kivulini. Usitumie jiki. Mtu mzima akipewa amri isiyo na sababu huitii mbele ya mgeni na kuiacha mgeni akiondoka. Na watoto wetu wa kidato cha pili na cha tatu wanakariri darasani habari za molekuli zenye ncha na zisizo na ncha, kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtihani, kisha wanarudi nyumbani na hakuna anayewaambia kwamba walichokariri ndicho kilichomo kwenye beseni la mama yao. Mwalimu wa kemia wa Kagera ana senene, ana kahawa, ana chandarua na ana ziwa. Hahitaji kifaa kingine kulifundisha somo hili likaeleweka.

Basi hizi hapa sababu zenyewe, pamoja na la kufanya.

Chandarua kifulie kwenye beseni au karai, nyumbani. Tumia sabuni ya mche ya kawaida na maji ya baridi. Sabuni ya unga yenye nguvu na jiki hufanya zaidi ya kuondoa uchafu: huivunja dawa yenyewe, ukabaki na chandarua kisafi kisichoua mbu. Usikiloweke kwa muda mrefu na usikisugue kwenye jiwe. Usikifue mara kwa mara, kwa kuwa kila kufua huondoa dawa ya juu na ile ya ndani inahitaji siku kadhaa kufika juu. Mara moja kila miezi mitatu inatosha, isipokuwa mtoto amekichafua. Kianike kivulini, maana ukoo wa pareto, hata ulioboreshwa, hauna urafiki na jua kali.

Maji ya kufulia, mama, yamwage chooni au kwenye ardhi kavu, mbali na kisima, mbali na mto, mbali na bwawa la samaki kama unalo. Udongo utaishika dawa palepale, na jua na vijidudu vya udongoni vitaivunja taratibu. Wa mjini Bukoba msimwage kwenye mitaro inayoteremka Mto Kanoni. Kanoni haina safari ndefu, inaingia ziwani palepale mjini. Mkulima naye, ukimaliza kupuliza, bomba lako lisioshwe kwenye kijito. Maji meupe uliyoyaona ndani ya bomba ndiyo hayo niliyoyaeleza: dawa iliyotawanywa kwa hila ya sabuni, tayari kujishika kwenye samaki wa kwanza.

Na chandarua kilichochakaa, usikipeleke mwaloni wala usimpe mtu akakifanye wavu. Kama bado kinafunika kitanda, kitumie mpaka upate kingine. Kikishindikana kabisa, usikichome moto uani. Kifukie mbali na maji, au mwulize mhudumu wa afya wa kijiji chako utaratibu uliopo. Ninyi viongozi wa mialo ya Nyamkazi, Kemondo na visiwa vyote vya Muleba, mkutano wenu ujao wa BMU ukifika kwenye agenda ya nyavu haramu, naomba mwongeze dakika 5 za kuwaeleza wavuvi habari ya dawa iliyomo kwenye chandarua, na mashavu ya samaki inakokwenda kukaa.